Sanduku la babu libaki Changamwe: jibu kwa anayekwenda kuwaona wahariri wa jarida la reli

SWALI

Shikamoo mzee wangu. Nakaa Changamwe. Babu yangu mzaa mama aliingia reli 1948 akisafisha injini, akawa fayamani, yaani mchochea moto wa injini, mwisho akawa dereva, akastaafu 1979. Ametuachia sanduku la bati lenye picha, negativu, daftari lake la safari na vyeti vya kazi. Mwezi wa Agosti nakwenda Uingereza kwa dada yangu aliyejifungua. Nilimwandikia barua pepe mhariri wa jarida moja la wapenzi wa reli huko, naye amenikaribisha ofisini kwao nimwonyeshe vitu hivyo. Nibebe nini? Watataka nini kwangu? Na wajomba zangu wananiuliza: hawa watu si watachukua mali ya babu na kutuachia ahsante tupu?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nenda. Mhariri akimkaribisha ofisini mtu asiyemjua, tena kwa barua pepe tu, basi alichosoma kimemgusa. Ila sanduku lenyewe libaki Changamwe, na kazi kubwa ya ziara hii uifanye hapa hapa Mombasa kabla hujapanda ndege. Nimeyaandikia majarida ya namna hiyo miaka mingi, nimekaa na wahariri wao mezani, na jambo moja nataka ulishike kabla ya mengine yote: injini zetu wale wanazijua kuliko tunavyozijua sisi. Wasiowajua ni watu wetu.

Waelewe kwanza wenyeji wako. Mapenzi yao kwa reli si ya jana. The Railway Magazine lilianza kutoka London Julai 1897, wakati reli yetu, iliyoanza kulazwa hapa Mombasa Mei 1896, ilikuwa ingali inakata nyika. Nairobi ilifika 1899, ziwani Kisumu ikafika Desemba 1901. Kwa hiyo hawa walikuwa wakiandika habari za treni kabla Nairobi haijawa mji. Wengi wao ni watu wa kawaida, walimu, mafundi, makarani waliostaafu, ambao tangu utotoni wanasimama kando ya njia wakiandika namba za injini. Ukimwambia mhariri kwamba babuyo aliendesha Garratt za 59, zile injini kubwa za mvuke, atakumalizia mwenyewe: zilikuwa 34, zilijengwa na Beyer, Peacock wa Manchester 1955 na 1956, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja duniani iliyozishinda nguvu. Atakwambia zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kwamba zilizosalia ni mbili, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, zote ziko Nairobi. Hata kwa nini Garratt ilitufaa sisi atakueleza: reli ya mita moja ni nyembamba na kona zake ni kali, kwa hiyo wakatengeneza injini yenye boila moja kubwa katikati, ikabebwa na seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikijipinda peke yake kwenye kona, na uzito ukasambaa badala ya kuilemea reli mahali pamoja.

Usisafiri maili elfu kadha kwenda kumsimulia mtu hayo. Anayo rafuni.

Asichokuwa nacho ni hiki. Fungua jarida lolote la zamani lenye picha za Mombasa, Voi au Makindu. Chini ya picha utasoma namba ya injini, tarehe, namba ya treni, mara nyingine hata saa. Dereva, kama alikuwa Mzungu au Singasinga, huenda akatajwa. Yule Mwafrika aliyesimama mlangoni na kitambaa mkononi, utaambiwa ni fayamani, basi. Enzi za ukoloni kazi za reli zilipangwa kwa rangi: juu Mzungu, katikati Mhindi, chini Mwafrika, na Waafrika walipanda kuwa madereva wa njia kuu pole pole. Picha zikafuata mpangilio ule ule. Naamini kwa wapiga picha wengi haikuwa dharau. Walikaa siku mbili tatu, hawakujua Kiswahili, wakaandika walichoweza kukisoma, nacho ni namba kwenye kibao. Lakini matokeo yake ni kwamba injini ya 1956 ina wasifu kamili, na mtu aliyeiendesha hana hata jina. Wewe unakwenda na jina moja tayari. Kazi yako ni kwenda na mengi zaidi.

Ile picha uliyonitumia nakala yake nimeitazama sana. Wanaume saba mbele ya injini, babuyo wa tatu kutoka kushoto ameshika kopo la mafuta lenye mdomo mrefu, na nyuma ya picha pameandikwa kwa penseli "Voi 62". Unasema kaka yako anadhani ni ya kabla ya vita. Haiwezekani, na nitakuonyesha kwa nini, ili uzikague zile nyingine mwenyewe. Tazama namba kwanza. Inaanza na 59, na katika mpango wa shirika tarakimu mbili za mwanzo ni aina ya injini, mbili za mwisho ni namba yake katika aina hiyo. Injini za 59 hazikuwako kabla ya 1955. Kisha tazama herufi za shirika kwenye chombo. K.U.R. ni ya zamani za reli ya Kenya na Uganda, kabla ya 1948. E.A.R., yaani East African Railways, ni baada ya reli hiyo kuunganishwa na ile ya Tanganyika mwaka huo. Kenya Railways ni baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Jihadhari na jambo moja hapo: injini haikupakwa rangi upya siku shirika lilipobadili jina, kwa hiyo herufi za zamani zinaweza kuonekana miaka kadhaa baadaye. Sasa nenda pembeni mwa picha, kulia, nyuma ya yule mwenye kofia. Kile chenye pua bapa ni kichwa cha dizeli. Dizeli za njia kuu, zile za 90 kutoka English Electric, zilianza kuja 1960. Kwa hiyo picha ni ya 1960 au baadaye, na "62" ya babu inakaa mahali pake bila shida. Namna hii ndivyo mhariri atakavyoisoma mbele yako, na kabla ya hapo atafanya kitu ambacho nimekiona kwa kila mhariri mzuri wa picha: ataigeuza kwanza, asome mgongo, ndipo atazame uso.

Kwa hiyo usithubutu kuandika chochote nyuma ya picha za babu kwa kalamu ya wino. Wino hupenya, na shinikizo la kalamu huacha mkwaruzo upande wa pili. Kila picha iweke kwenye bahasha ya karatasi, uandike juu ya bahasha kabla hujaiweka ndani. Mifuko ya plastiki iache kabisa. Kwa joto na chumvi ya hewa ya Mombasa, plastiki hufungia unyevu ndani na ukungu huota ukiwa huoni. Sanduku la bati nalo liondoe kwenye ukuta wa nje na sakafuni, uliinue kwenye rafu ndani. Zilizogandana kwenye albamu usizibandue, zipige nakala zikiwa hapo hapo. Vumbi ondoa kwa brashi laini kavu, kitambaa kibichi kisikaribie.

Nakala ndizo utakazosafiri nazo. Picha za karatasi zikipitishwa kwenye skana kwa doti 600 kwa inchi, jarida lina cha kuchapa. Negativu ni ndogo, kwa hiyo zinataka zaidi, 2400 au kupita, na ndizo za thamani kuliko picha, maana picha ilitolewa kwenye negativu na huenda mpiga chapa alikata kingo. Ukizipeleka dukani kaa hapo hapo mpaka zimalizike, na mwambie fundi asizikate wala asizipanguse. Hifadhi mafaili sehemu mbili tofauti, flashi moja uende nayo, nyingine abaki nayo mama.

Sasa daftari. Mwanangu, picha ni nzuri, lakini daftari ndilo litakalomfanya mhariri asogeze kiti. Ulininakilia mstari mmoja tu, nami nimeurudia mara nyingi: "5921. Mazeras mvua, inateleza. Voi maji. Mchanga mara mbili." Maneno manane na namba moja, na ndani yake mna usiku mzima wa kazi. Kutoka Kilindini treni inaanza usawa wa bahari, na mpaka ifike Nairobi imepanda zaidi ya mita 1,600. Mlima unaanza mapema, ukitoka tu kisiwani na kuupita Changamwe kwenu, na ukifika Mazeras umekwisha kuonja. Mvua ikinyesha reli inakuwa na utelezi, magurudumu yanazunguka bila kushika, na dereva anapoteza nguvu na mvuke. Hilo la kwanza.

Lakini "mchanga mara mbili" ni mchanga gani? Injini ya mvuke ilikuwa na mchanga wa aina mbili, na kwa fayamani ni kazi mbili tofauti kabisa. Upo mchanga mkavu uliomiminwa kwenye reli mbele ya magurudumu ili yashike. Na upo mchanga wa tanuruni. Injini zetu wakati huo zilichoma mafuta mazito badala ya makaa wala kuni, na mafuta hayo huacha masizi ndani ya mabomba ya boila. Masizi yakizidi, moto unawaka lakini maji hayachemki inavyotakiwa. Dawa yake ilikuwa mchanga: fayamani anachota kipimo, dereva anaifungulia injini ifanye kazi kwa nguvu, na mchanga unamwagwa kwenye tundu la tanuru, mvuto wa moshi unaunyakua, unapita ndani ya mabomba ukisugua masizi yote, na juu dohani inatapika moshi mweusi tititi. Wageni walipenda sana kuupiga picha moshi ule. Fayamani aliupenda kwa sababu nyingine, maana dakika chache baadaye geji ya mvuke ilianza kupanda.

Kwa jinsi babuyo alivyopanga maneno yake, mchanga ukitajwa baada ya maji ya Voi, mimi naelekea kuamini ni wa tanuruni: wamejaza maji, mbele kuna mwendo mrefu wa nyika mpaka Mtito Andei, wakasafisha mabomba. Ungekuwa wa relini angeuweka pale pale kwenye utelezi wa Mazeras. Lakini hii ni dhana yangu nikiwa mezani, na jarida halichapi dhana kama habari. Jibu analo mzee aliyefanya kazi ile. Mtafute umsomee mstari huo kama ulivyo, usimwelekeze, umsikilize atakavyosema.

Hapa ndipo ninapotaka utumie wiki zako zilizobaki. Wazee wa reli bado wapo, Changamwe kwenyewe, Makupa, Mazeras, Voi, na wengine walirudi makwao bara. Wengi wamepita miaka themanini. Nenda na nakala kubwa za picha, zilizochapwa kwa ukubwa ambao jicho la mzee linaweza kuona sura. Nenda asubuhi kabla jua halijamchosha, na mtu wa nyumbani kwake akiwapo. Usianze na maswali ya injini. Muulize alikaa kota gani, jirani yake alikuwa nani, nani aliyekuwa na redio, nani aliyejua kupika safarini. Majina yatakuja yenyewe kwa njia hiyo, na jina la utani mara nyingi hutangulia jina la cheti; andika yote mawili. Akikutajia mtu kwenye picha, mwombe aguse sura kwa kidole, kisha uandike nafasi yake: safu ya mbele, wa pili kutoka kushoto. Kama wazee wawili wanapingana, andika majibu yote mawili na nani alisema lipi. Kupingana kwao ni habari pia, na mhariri mwaminifu atachapa "huenda ni fulani" kuliko kuchapa uongo. Rekodi sauti kwa simu ukiwa umeomba ruhusa.

Kuna swali moja nakuomba uwaulize wote, hata kama hukuulizwa na mhariri. Kati ya Mombasa na Nairobi Garratt za 59 zilifanya kazi na watumishi wa zamu mbili: kundi moja likiwa kwenye injini, jingine likilala kwenye behewa lao lililofungwa kwenye treni, kisha wanabadilishana njiani. Utaratibu huo unajulikana katika vitabu. Namna watu walivyouishi haijulikani. Behewa lile lilikuwa na joto gani mchana kwenye nyika ya Taru? Nani alipika, na alipika nini, na kwa jiko gani treni ikitikisika? Mwislamu na Singasinga na Mkamba walikula chungu kimoja au kila mtu na chake? Wakati wa Ramadhani mfungaji alifanyaje zamu ya alasiri mbele ya tanuru? Hayo hayapo rafuni kwa mhariri yeyote, na wewe unaweza kuyapata kwa vikombe vichache vya kahawa barazani. Wazee watakutajia na mambo yasiyo ya injini, kama mgomo mkuu wa Januari 1947 uliosimamisha kazi Mombasa nzima, reli na bandari. Yaandike. Hata mhariri asipoyatumia, familia itayahitaji.

Waulize pia kama wamehifadhi nakala za Sikio. Shirika lilikuwa na jarida la Kiingereza kwa watumishi, Spear, ambalo wakusanyaji wa ng'ambo wanalijua. Sikio lilikuwa gazeti la Kiswahili la wafanyakazi, na watu wengi walilisoma kisha wakafungia vitumbua. Ukikuta hata kurasa mbili tatu kwenye droo ya mtu, zipige picha vizuri. Siku moja utapata ndani yake jina la aliyepandishwa cheo au aliyeshinda mbio za michezo ya reli, na uso usio na jina utapata mwenyewe.

Kabla ya kusafiri, ukipata nafasi, panda treni Miritini uende Nairobi, siku moja yatosha. Jumba la Makumbusho ya Reli, lililofunguliwa 1971, liko karibu na stesheni ya zamani, na 5918 imesimama pale nje. Panda kwenye kibanda cha dereva. Simama upande wa fayamani, weka mkono kwenye vali ya mafuta, angalia umbali wa macho mpaka kwenye geji. Utakapokaa na mhariri utakuwa unazungumza juu ya kitu ulichokishika, na itasikika.

Siku yenyewe ya ofisi haina mengi ya kutisha. Usitarajie jumba la ghorofa. Majarida haya mengi yanaendeshwa na watu wachache: mhariri, msaidizi wake, mtu wa picha, mtu wa kupanga kurasa, na waandishi walio nje wanaotuma kazi kutoka majumbani. Utakuta skrini zenye kurasa nusu-nusu, rafu za matoleo ya zamani yaliyojalidiwa mwaka kwa mwaka, orodha za injini za dunia nzima, na barua za wasomaji. Hizo barua ndizo zinazowafanya wahariri wawe wakali wa ukweli. Kosea tarakimu moja ya namba ya injini na wasomaji kumi watawaandikia wiki ile ile. Kwa hiyo usikisie kamwe. Ukiulizwa jambo usilolijua sema "sijui, nitauliza Mombasa", na hutashuka hadhi hata kidogo. Kinyume chake wataanza kukuamini kwa yale unayoyajua.

Muulize mapema kwa barua pepe ni wiki ipi hawafungi kurasa. Jarida la kila mwezi hufungwa wiki kadhaa kabla halijafika dukani, na ukiingia siku za kufunga utapewa chai na dakika tano. Nenda kwa saa uliyoambiwa, si kabla wala baada. Chukua picha kumi na mbili hivi, zilizochapwa, kila moja na maelezo yake kwenye karatasi ya pili: ni nani, ni wapi, ni lini, injini gani, nani alipiga, nani alituambia. Nyingine zikae kwenye flashi. Mtu akimwagiwa picha mia mbili mezani haoni hata moja. Kiingereza chako kisikutie wasiwasi. Sema polepole, na majina ya watu na mahali waandikie wewe mwenyewe kwa herufi kubwa. Usiwaache waandike wanavyosikia. Nimeona Mariakani ikichapwa kwa namna ambayo mwenyeji wa Mariakani asingeijua.

Sasa hofu ya wajomba zako, ambayo ni halali. Waswahili wamesema mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo fanyeni daftari: orodha ya kila kitu kilichomo sandukuni, namba kwa namba, na karatasi iliyotiwa saini na mama na wajomba inayokupa ruhusa ya kuonyesha nakala na kukubaliana matumizi. Urithi ni wa wote, na wewe usiingie ofisini ukiwa huna hakika kama mjomba mmoja atapinga baadaye. Kisheria, daftari ni maandishi ya babuyo. Kwa sheria ya Kenya haki ya maandishi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na sasa iko kwenu warithi. Picha alizopiga yeye zina hesabu yake, miaka 50 pia, ila inahesabiwa tangu kupigwa au kutolewa hadharani, ile iliyo ya mwisho. Uingereza nako wana hesabu yao, ndefu zaidi. Picha ambazo yeye yumo ndani lakini zilipigwa na mwingine si zenu kwa haki ya kuchapa, hata kama karatasi ni yenu. Kama nyuma pana muhuri wa studio au wa shirika, mwonyeshe mhariri, usiufiche. Wao wana uzoefu wa kutafuta wenye haki.

Utapewa fomu. Usiisaini pale pale. Soma kama wanaomba kuchapa mara moja tu, au pia kuweka kwenye tovuti yao, au "haki zote". Mbili za mwanzo ni sawa. Ya tatu ikatae kwa upole. Mhariri muungwana hatanuna, atakutolea fomu nyingine. Malipo usiyatarajie makubwa, na kwingine hakuna kabisa. Mimi ningebadilisha pesa yote na sharti moja: kila mtu anayejulikana jina ndani ya picha atajwe chini yake, kwa tahajia yenu. Liombe hilo kwa maandishi. Na mtu akikufuata pembeni akitaka kununua ratiba za kazi au beji ya kofia ya babu, mwambie familia haiuzi. Wakusanyaji ni wengi na bei zao hutia tamaa, lakini kitu kikiingia kwenye kabati la mtu binafsi hamtakiona tena.

Kisha, na hili wengi hawalifikirii, nawe uombe. Mwombe mhariri akufungulie faili lao la Afrika Mashariki. Humo mna picha za Mombasa zilizopigwa na wapenzi waliopita hapa miaka ya hamsini, sitini na sabini, nyingi hazijawahi kuchapwa, na ndani yake wamesimama wazee wetu wasio na majina. Omba nakala ndogo ndogo, hata za ubora wa chini, uje nazo. Waahidi kwamba utazipeleka barazani Changamwe na kuwarudishia majina. Sijawahi kumwona mhariri akikataa biashara hiyo, kwa sababu kwake ni faida tupu. Na kama una siku moja ya ziada, shuka Manchester. Kumbukumbu za kiwanda cha Beyer, Peacock, kilichofungwa 1966, zimehifadhiwa katika makumbusho ya sayansi na viwanda ya mji huo, na huko huko wanayo Garratt moja kubwa iliyofanya kazi Afrika Kusini. Waandikie kabla, kwenye chumba cha kumbukumbu huingii bila miadi.

Ukirudi, mwandikie mhariri shukrani ndani ya wiki, na umjibu kila swali ulilosema utauliza. Makala yanaweza kukaa miezi mingi, hata mwaka, kabla ya kutoka. Usivunjike moyo, na usilichoshe sanduku lao la barua. Omba wakutumie kurasa uzisome kabla hazijachapwa, kwa ajili ya majina tu. Toleo likitoka omba nakala za kutosha: ya familia, ya kila mzee aliyekusaidia, moja ya Makumbusho ya Reli na moja ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi. Hizo mbili za mwisho zipeleke pamoja na mafaili ya picha zote na orodha yenu, mpewe stakabadhi. Na kabla ya Agosti niandikie alichosema mzee juu ya ule mchanga.